Tano Ipite, Sita Ikatae

Jumapili, tarehe 3 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa ajili ya kazi, si kwa jambo jingine. Yale tuliyosema kwenye simu mwezi uliopita nimeyaacha hukohuko kwenye simu, na naona na wewe umeyaacha, maana tangu siku ile hupokei. Nikimpigia Shangazi ananiambia, "Andika, mwanangu, baba yako siku hizi anapenda barua." Haya, naandika. Kondakta wa basi la asubuhi ni mteja wetu, atakufikishia mpaka mlangoni.

Hapa gereji tumeletewa pikipiki kubwa, injini ya silinda mbili, ile aina ambayo taimingi yake, yaani kufungua na kufunga valvu kwa wakati wake, haiendi kwa mnyororo bali kwa mikanda miwili ya mpira. Mwenyewe ni mwalimu wa hesabu, na kila wiki anavuka milima miwili kwenda kufundisha. Mikanda ya zamani imeanza kuchanika kingo, na mipya imeshafika. Bosi akauliza nani anaweza. Mafundi wote wakanigeukia mimi, kwa sababu siku za mwanzo nilijisifu kwamba nimekulia kwenye gereji inayofunga mikanda hiyo. Nimejiponza mwenyewe.

Kuufunga mkanda naweza, alama nazijua. Kinachonitoa jasho ni kuukaza. Mmoja anasema uubonyeze kwa dole gumba, mwingine anasema uupinde ubavu, na wote wawili hawajawahi kushika hata mmoja. Nikiulegeza utaruka jino, valvu zitagongana na pistoni, na tairi la nyuma litaganda mwalimu wa watu akiwa kwenye kona. Nikiukaza mno utakula beringi taratibu mpaka yawe yaleyale. Nilikuona ukifanya tangu nikiwa mdogo, lakini siku hizo nilikuwa nakutazama wewe, sitazami mkanda.

Naomba kipimo. Mume wangu anakusalimu.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Bisibisi wangu,

Marahaba, marahaba tena na tena! Barua yako imenikuta nimelala chali chini ya injini, nikaisoma hukohuko mpaka oili ikanidondokea kwenye paji la uso. Simu usiniulize. Ilizama kwenye beseni la oili chafu, na mimi sikuwa na haraka ya kuiopoa.

Kabla ya mkanda, niambie habari za mgeni wetu. Ameanza kurusha mateke? Nadhani sasa tumbo linakutangulia mlangoni. Mwaka mpya uliponiambia una mimba nilinuna, nikasema spana zako zitaota kutu. Ule ulikuwa wivu wa mtu aliyezoea kufanya kazi na mwanawe, usiuweke moyoni. Siku ile ulipopiga nilifurahi mno kusikia habari zako. Nimeshaunda kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, kinateleza hata kwenye sakafu yetu hii yenye mashimo. Kwa hiyo sikiliza: usinyanyue injini, usikae kwenye moshi, na huyo bosi wako mwambie mimi ndiye niliyesema.

Sasa mkanda. Injini iwe baridi kabisa, ikibidi ilale usiku mzima. Izungushe kwa mkono mpaka alama zikutane. Legeza nati mbili za rola, lile gurudumu dogo linalokaza mkanda, isukume rola ibane mkanda, kisha kaza nati kidogo tu. Halafu mkanda uguse kwa kidole pale kwenye urefu mkubwa, kama uzi wa gitaa, uuachie. Utatoa sauti nzito. Sauti yenyewe unaijua, ndiyo ile niliyokuwa naiimba na wewe unaiitikia ukiwa umekaa juu ya kreti, mmm, chini kabisa ya kifua. Mkanda ukiimba chini ya hapo, kaza. Ukiimba juu, legeza. Vikiitikiana, umemaliza. Zungusha injini mara kadhaa, pima tena, kisha kaza nati moja kwa moja.

Mimi sijawahi kutumia kitu kingine. Mwezi uliopita tu nimemfungia mkunga wa zahanati mikanda miwili mipya, imeimba vizuri kama zamani. Wewe ni mtoto wa mkono wangu, mkanda hautakushinda.

Kula, lala, na usibebe kizito.

Baba yako


Jumamosi, tarehe 16 Machi

Baba,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unapotania. Sikupaona.

Nilikupigia nikiwa bado kitandani hospitali. Nilikwambia mimba imetoka. Nilikwambia kwa maneno hayohayo, sikuzungusha, kwa sababu wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka ajue. Na wewe ukanijibu, "Vizuri sana, mwanangu. Mungu ashukuriwe. Kazi iendelee." Nikanyamaza, nikidhani utajirudi. Ukarudia: "Vizuri sana."

Nikasema moyoni, sawa, alinuna nilipopata mimba, sasa amefurahi imetoka, fundi wake amerudi. Nikaona nisikulazimishe kulia kwa ajili ya kitu usichokitaka. Nikatafuta namna ya kubaki mwanao bila kulizungumza tena, na namna pekee niliyoipata ni kuuliza habari za mkanda.

Leo unaniuliza kama anarusha mateke. Umetengeneza kigari.

Kama ni umri unakusahaulisha, niambie. Kama ni kunikomoa, umefanikiwa, na barua nyingine usiniandikie.

Mwanao


Jumatano, tarehe 27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Huyu ni shangazi yako, na mwandiko utanisamehe, naandika kwa hasira na kwa huzuni, sijui kipi kimezidi. Kwanza, pole. Pole sana, mwanangu. Pole na mumeo. Mbona hukuniambia hata mimi? Najua, ulidhani kaka amenieleza. Kaka angenieleza nini, na yeye mwenyewe hakujua?

Baba yako hasikii. Hilo neno alinikataza kulitamka, aliniapisha kabisa, na leo namvunjia kiapo hadharani. Sikio la kushoto liliondoka zamani kidogo, tukadhani ni nta, tukalimwagia mafuta ya uvuguvugu kama tunakaanga. La kulia likafuata. Miaka yote ile ya mashine za kusaga chuma na mabomba ya moshi yasiyo na kizuia sauti, ungetegemea nini? Anasoma midomo. Watu wakicheka, anacheka. Nimemwona akicheka kwenye mazungumzo ya msiba, nikamkanyaga mguu.

Kwenye simu hakuna mdomo wa kuusoma. Akajitungia maneno ya kujibu simu: vizuri sana, Mungu ashukuriwe, kazi iendelee. Kila aliyepiga alipewa hayo. Muuza spea alimpigia kumwambia duka lake limeungua, akashukuriwa Mungu. Mpaka leo hawasalimiani. Kaka anajiuliza kwa nini, na mimi kwa sababu ya kile kiapo sikumweleza. Ningejua kwamba na wewe ulipewa hayohayo, siku hiyohiyo ningepanda basi.

Barua yako ya pili aliisoma amesimama mlangoni. Akaisoma tena. Akaniletea jikoni, akaniwekea mbele, akaniuliza, "Hapa ameandika nini?" Mtu anayesoma gazeti zima bila miwani! Nikamsomea nikitamka polepole ili auone mdomo wangu. Akaenda gereji, akakaa kwenye kreti. Chakula nimepeleka nikarudisha. Kile kigari amekifunika gunia.

Kukuandikia anashindwa. Amechana karatasi nyingi, jiko langu ndilo linalofaidi. Usimwache, mwanangu. Mkasirikie, ni haki yako, lakini mkasirikie ukiwa karibu.

Wako, Shangazi


Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimepata barua ya Shangazi. Nimekaa nayo siku kadhaa, maana sikujua nianze na lipi. Nimelia kwa sababu hukunidharau. Kisha nimekasirika upya, kwa sababu ungeniambia tu, nisingebeba mzigo huu mwezi mzima nikiwa na maziwa kifuani na hakuna wa kumnyonyesha. Yote mawili ni kweli na sijui kuyapatanisha. Tuyaache kwanza yakae.

Kuna jingine haliwezi kukaa. Ulisema umemfungia mkunga mikanda kwa sauti. Sauti ipi, Baba?

Nilimpigia Shangazi siku hiyohiyo. Anasema mkunga yuko likizo na pikipiki imefungiwa stoo ya zahanati mpaka arudi. Nilishukuru. Lakini atarudi. Na atakapoitwa kwa mzazi hatauliza mkanda umekazwaje, ataweka mkoba begani na kuondoka. Shangazi alitaka kwenda kuzungumza na daktari wa zahanati. Nimemwomba akupe nafasi wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeufunga na jina la gereji ni lako. Mkunga akirudi na wewe hujaufungua, Shangazi ataenda.

Ya mwalimu wa hesabu nimeimaliza. Niliigusa mikanda nikaimba, nikaogopa sauti yangu mwenyewe. Fundi mmoja mzee tunayemwita Masharubu akanionyesha njia ambayo haihitaji sikio hata kidogo. Unatumia zile funguo za pembe sita, zilizopinda. Unachukua ya milimita tano, unaipitisha kati ya mkanda na rola. Ipite, lakini ipite ikisuguasugua. Kisha unajaribu ya milimita sita. Hiyo ikatae. Tano ipite, sita ikatae. Sita ikipita mkanda umelegea, tano ikikataa umekaza mno. Ni mkono tu na jicho. Kwa injini hizi zetu, anasema, kipimo hiki hakijamwangusha.

Funguo unazo, ziko droo ya chini kushoto kama hujazihamisha.

Mwanao, Bisibisi


Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Shangazi yako ana mdomo mrefu. Masikio yamepungua, sikatai. Hata macho ya watu hupungua na bado wanashona nguo.

Lakini mkanda ni kitu kingine. Mkanda sikuusikiliza kwa sikio tu, nausikiliza kwa mwili. Nikiugusa na kuimba ile sauti yetu, nasikia vinaitikiana mpaka ndani ya kifua. Vinaitikiana kila mara. Mwaka huu wote hakuna mkanda ulionikatalia, na miaka ya nyuma nilikuwa nahangaika nao asubuhi nzima. Kama kuna kitu, nimezidi kuwa fundi.

Funguo za pembe sita ni za kufungulia vifuniko. Msalimie huyo Masharubu.

Lile jingine sijui niliandikeje. Ninajaribu.

Baba yako


Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Bisibisi wangu,

Barua hii itakuwa ndefu, tafuta mahali pa kukaa.

Mkunga alirudi jana, siku mbili kabla ya tulivyotegemea, hata Shangazi hakuwa na habari. Aliingia gereji na pikipiki yake injini ikiwa imezimwa, akiisukuma, akitaka nimjazie tairi upepo tu. Kofia kichwani, mkoba wake mweusi begani. Akanionyesha kwa mkono kule juu ng'ambo ya kilima, kisha akapiga tumbo lake na kuangalia saa. Nikaelewa kuna mama anasubiriwa.

Nikajaza upepo. Kifuniko cha mikanda kiko palepale mbele ya uso, na injini ilikuwa imelala stoo wiki tatu, baridi kama maji ya mtungi. Nikasema ngoja nimkomeshe Masharubu wa watu. Nilifungua kifuniko nikiwa nacheka, naomba ujue hivyo. Nilitaka nikuandikie kwamba umekosea.

Tano ikapita bila kugusa kitu. Sita ikapita. Nikachukua ya nane, ambayo hukuitaja kwa sababu hakuna mwenye akili angeijaribu, na nane nayo ikapita. Mkanda wa pili ulikuwa nafuu kidogo tu.

Nikaugusa kwa kidole nikaimba. Vikaitikiana vizuri kabisa, mpaka kifuani. Nikanyamaza, nikaugusa tena bila kuimba, nikaweka kiganja kifuani. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa najisikia mwenyewe, mwanangu. Mwaka mzima naimba, najiitikia, najisifu.

Mkunga alishakamata usukani. Nikamwambia haiendi. Akasema kitu. Nikamwambia tena haiendi. Akaanza kusema kwa haraka, mdomo unakwenda mbio kuliko ninavyoweza kuufuata, anaonyesha saa, anaonyesha kilima, na wateja wangu wawili wakasogea, na muuza mkate wa jirani akaja kuona ugomvi. Nikaing'oa ile funguo ya kuwashia nikaiweka mfukoni. Akanishika shati. Ndipo nikasema kwa sauti ambayo sijui ilikuwa kubwa kiasi gani: "Mimi ni kiziwi! Huu mkanda niliufunga bila kuusikia! Utakuua!"

Wakanyamaza wote. Hata mimi niliuona ule ukimya.

Mkunga hakunitukana. Aliniangalia kwa muda ambao ningependa uwe mfupi, kisha akamgeukia muuza mkate, na muuza mkate akaenda kutoa gari lake la mikate. Wakaondoka. Mimi nikabaki na pikipiki. Nililegeza nati, nikakaza upya. Tano ikipita ikisuguasugua, sita ikikataa. Nikazungusha injini kwa mkono, nikapima tena, nikarudia. Halafu nikakaa chini nikamfikiria huyo mama kule juu, na mtoto wake, na gari la mikate ambalo likiona mlima tu linachemka. Niliwaza kwamba nimeokoa mmoja nikaua wawili. Shangazi yako alikuja kukaa na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno.

Walirudi jua likiwa bado lipo. Mkunga akashuka, amechoka. Akafungua mdomo kunieleza, akakumbuka, akaufunga. Akaokota chaki ninayowekea alama kwenye matairi, akachuchumaa, akaandika sakafuni, herufi kubwa, polepole kama anayemwandikia mtoto: WA KIKE. WAZIMA WOTE.

Nikasoma. Nikalia mbele za wateja. Walidhani ni furaha, na furaha ilikuwepo. Lakini nilikuwa nimeletewa habari ya mtoto, na safari hii nimeielewa, nimejibu kitu kinachofanana nayo. Ndipo nikaona kwa macho yangu kile nilichokufanyia. Ulikuja kwangu ukiwa umelala kitandani hospitali, na mimi nikakupa maneno ninayowapa wauza spea.

Pole, mwanangu. Pole sana. Nilimtaka. Nilinuna kwa kinywa, lakini nilimtaka, nilikuwa nimeshapanga atakaa wapi nikifanya kazi. Si vizuri. Hakuna chochote kilichokuwa vizuri.

Pikipiki za mikanda mji huu ziko tatu tu. Zile mbili nyingine nimeziita leo, moja ilikuwa sawa kwa bahati, ya pili nimeikaza. Juu ya mlango nimetundika ubao: FUNDI HASIKII, ANDIKA. Wateja wengine wamesoma wakageuza. Wengine wameandika. Muuza spea naye nimemfuata dukani na kumweleza, akacheka mpaka akakaa.

Basi la Ijumaa ya wiki ijayo nitalipanda kuja kwako. Lakini kabla sijafika nina ombi. Siku ile hukunyamaza tu, uliongea. Ulipomaliza lile neno la kwanza na mimi nikajibu upuuzi wangu, na ukanyamaza, na nikarudia, uliendelea kuongea. Najua, kwa sababu niliishusha simu kuangalia kama imekatika, nikaona dakika bado zinakwenda, nikairudisha sikioni nikasubiri ziishe. Zilikuwa nyingi.

Ulisema nini, Bisibisi? Niandikie yote, kuanzia mwanzo. Usinirahisishie. Nataka niwe nimeshayasoma ninaposhuka kwenye basi.

Baba yako